Kuongeza ufanisi wa joto wa kipasha-hewa cha jua: mwongozo kwa wakaushaji wa Arusha na Moshi

Wakaushaji wengi wa mboga na matunda hukipima kipasha-hewa chao kwa kuweka kiganja kwenye tundu la kutokea hewa, na hewa ikichoma husema kifaa ni kizuri. Kipimo hicho kinapotosha. Hewa inayochoma lakini inayotoka kwa unyonge ni dalili kwamba bamba jeusi lililo ndani limekuwa moto kupita kiasi, na bamba la namna hiyo hurudisha joto kwenye kioo, kioo nacho hulitoa nje kwa upepo na anga. Ufanisi wa joto ni ile sehemu ya nishati ya jua iliyoangukia kioo ambayo hatimaye inatoka ikiwa imebebwa na hewa, na mara nyingi huongezeka pale hewa inapotoka kwa wingi ikiwa na joto la wastani.

Mwongozo huu unahusu kifaa bapa cha kawaida: sanduku la mbao au bati lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 2, kioo juu, bamba jeusi katikati, kihami joto (tabaka la kuzuia joto lisitoroke) chini, na bomba linalopeleka hewa kwenye kabati la kukaushia. Nimechukulia kwamba kifaa tayari unacho, kiwe cha kukaushia nyanya za Ngarenanyuki, ndizi za Kibosho, au mnafu na mchicha wa bustani ya nyumbani, na kwamba unataka kitoe zaidi bila kujenga kingine. Hatua nimezipanga kwa mfuatano ambao ningeufuata mimi, nikianza na zile zinazogharimu kidogo na kuleta faida kubwa.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kugusa chochote

Vipimo vinavyohitajika ni vitatu: nguvu ya jua, tofauti ya joto kati ya hewa inayoingia na inayotoka, na wingi wa hewa inayopita.

Nguvu ya jua unaweza kuipata kwa paneli ndogo ya sola na multimita ya fundi umeme. Nyuma ya paneli huandikwa mkondo wa umeme wakati nyaya zake mbili zimeunganishwa moja kwa moja, na thamani hiyo ni ya jua la wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Laza paneli kwa mwinamo uleule wa kioo chako, pima mkondo huo, kisha ulinganishe: kama karatasi ya nyuma inasema ampea 0.6 na wewe umesoma ampea 0.48, jua la wakati huo ni karibu wati 800 kwa mita ya mraba. Kwa paneli ndogo ya wati 10 au 20 kipimo hiki hakina madhara kwa paneli wala kwa mita, ilimradi mita imewekwa kwenye upande wa ampea.

Vipimajoto viwe viwili, kimoja kivulini karibu na mlango wa kuingilia hewa, kingine ndani ya bomba la kutokea, baada ya kona, mahali ambapo hakioni jua wala bamba. Kipimajoto kinachopigwa na mionzi ya bamba husoma zaidi ya joto halisi la hewa, na hapo ndipo takwimu nyingi za kujisifu zinapozaliwa.

Wingi wa hewa hupimwa kwa kipimaupepo, na kama huna, kwa mfuko mkubwa wa plastiki mwepesi wenye ujazo unaojulikana. Ukunje hadi uishe hewa, uuvike kwenye tundu la kutokea, na uhesabu kwa saa ya simu sekunde unazochukua kujaa. Mfuko wa lita 200 ukijaa kwa sekunde 5, unapitisha mita za ujazo 0.04 kwa sekunde. Hewa ina uzito, na uzito huo hupungua kadiri unavyopanda mlima. Kwa Arusha mjini, kwenye kimo cha takriban mita 1,400, mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 25 ina karibu kilo 1, na kwa Moshi, ambako ni chini zaidi, huzidi hapo kwa asilimia chache. Hewa ya moto ni nyepesi kidogo kuliko hiyo, kwa hiyo kipimo cha mfuko kinachofanywa upande wa kutokea kipunguze kwa asilimia 5 hadi 10, kadiri hewa ilivyopanda joto.

Sasa hesabu. Zidisha mita za ujazo kwa sekunde kwa uzito huo wa hewa, upate kilo za hewa kwa sekunde. Zidisha kilo hizo kwa 1,005 (jouli za kupasha kilo moja ya hewa kwa nyuzi moja), kisha kwa tofauti ya nyuzijoto. Hizo ni wati zilizobebwa na hewa. Zigawanye kwa wati za jua zilizozidishwa kwa eneo la kioo. Kwa mfano, hewa ya kilo 0.02 kwa sekunde iliyopanda nyuzi 32 imebeba wati 643. Kwenye kioo cha mita za mraba 2 na jua la wati 800, ufanisi ni asilimia 40. Kifaa hichohicho kikipitisha kilo 0.04 na hewa ikapanda nyuzi 21 tu, kimebeba wati 844, yaani asilimia 53. Hewa ya pili ina joto la chini lakini kazi iliyofanyika ni kubwa zaidi. Fanya vipimo kati ya saa 5 asubuhi na saa 8 mchana, anga ikiwa wazi kwa angalau nusu saa mfululizo, na uviandike kwenye daftari pamoja na tarehe, maana utavirudia baada ya kila hatua.

Hatua ya 2: Ziba mianya

Washa kijiti cha udi na ukipitishe taratibu kwenye viungo vyote vya sanduku huku feni ya kifaa, kama unayo, ikizunguka. Feni ikiwa inasukuma hewa kutoka mlangoni, moshi utapeperushwa mbali na mwanya, na joto ulilolipata linatoroka hapo. Feni ikiwa inavuta kutoka upande wa kutokea, moshi utanyonywa ndani, na hapo hewa baridi inachanganyika na ya moto na kuleta vumbi kwenye chakula. Ziba kwa silikoni inayostahimili joto pale kioo kinapokutana na fremu, na kwa ukanda wa mpira au sponji ngumu pale panapofunguliwa mara kwa mara. Mbao za paini zilizojengewa zikiwa mbichi husinyaa katika kiangazi na kufungua mianya mipya, hivyo zoezi hili lirudiwe kila mwaka.

Hatua ya 3: Wezesha hewa kulichota joto la bamba

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko mahali pengine pote, na ndipo panapopuuzwa zaidi. Mwaka 1881 Edward Morse wa Salem, Marekani, alipata hataza (hati ya kumiliki uvumbuzi) ya kipasha-hewa cha ukutani kilichotumia bamba jeusi nyuma ya kioo, na mpangilio huo wa msingi ndio tunaoujenga hadi leo. Ugumu wake nao ni uleule: hewa ni chombo dhaifu cha kuchukua joto. Inapopita juu ya bamba laini, tabaka jembamba la hewa iliyotulia hubaki limelikumbatia bamba kama blanketi, na joto hulazimika kulipenya tabaka hilo kabla ya kuufikia mkondo unaotembea. Bamba linabaki moto, na kadiri linavyobaki moto ndivyo linavyopoteza. Kwa kifaa chenye kioo kimoja, hasara ya upande wa juu ni kama wati 6 hadi 7 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ambayo bamba limeizidi hewa ya nje. Bamba la nyuzi 80 siku ya nyuzi 25 litatupa zaidi ya wati 350 kwa kila mita ya mraba, ilhali bamba la nyuzi 50 litatupa zaidi kidogo ya 150.

Jambo la kwanza ni kupitisha hewa chini ya bamba, wala si kati ya bamba na kioo. Hewa inayosugua kioo hukipasha, na kioo chenye joto hupoteza. Ikipita chini, ile hewa iliyotulia kati ya kioo na bamba, yenye nafasi ya milimita 25 hadi 40, inakuwa kinga.

Jambo la pili ni kina cha njia ya hewa. Mafundi wengi huacha sentimita 10 au 15 chini ya bamba kwa sababu ndicho kipimo cha ubao walionao. Kwa kifaa chenye feni, kina hicho kinaiacha hewa nyingi ya chini ipite bila kuligusa bamba kabisa. Ukiinua sakafu kwa plaiwudi hadi njia ibaki sentimita 4, hewa ileile italazimika kwenda kwa kasi zaidi na karibu na bamba, na uwezo wake wa kuchota joto utazidi mara mbili ya ule wa njia ya sentimita 10. Usishuke chini ya sentimita 2.5 kwa urefu wa mita 2, kwani upinzani hupanda kwa kasi kubwa kuliko faida na feni ndogo itashindwa.

Jambo la tatu ni kulivunja lile tabaka la hewa iliyotulia kwa vipingo vya waya. Chukua waya mnene wa uzio wa milimita 3, uukate vipande vinavyolingana na upana wa bamba, na uvifunge upande wa chini wa bamba vikiukata mkondo wa hewa. Umbali kati ya kipingo na kipingo uwe kama mara 10 ya unene wa waya, yaani sentimita 3 kwa waya wa milimita 3. Uwiano huu una sababu. Hewa ikiruka kipingo huachana na bamba, kisha huligusa tena baada ya umbali wa takriban mara 6 hadi 8 ya kimo cha kipingo, na mahali inapogusa tena ndipo inapochota joto kwa nguvu zaidi. Vipingo vikibanana mno hewa huruka juu ya vyote bila kugusa bamba, na vikiachana mno tabaka lililotulia hupata muda wa kujijenga upya. Ukivilaza kwa mshazari wa nyuzi 60 kuelekea mkondo, au ukivikunja kwa umbo la V, matokeo huwa bora zaidi, kwa sababu mshazari unaizungusha hewa na kuileta ile ya chini ikutane na bamba. Vifunge kwa ribiti na vishikizo vidogo vya bati. Visicheze wala kupiga kelele, lakini si lazima vichomelewe.

Asiye na muda wa kukata waya anaweza kutumia bati la kuezekea la migongo midogo, geji 28 au 30, akalilaza kwa namna ambayo migongo inaukata mkondo wa hewa badala ya kufuatana nao. Fundi atapendelea kuilaza migongo kwa urefu kwa kuwa bati halihitaji kukatwa, na hapo ndipo umwombe avumilie: migongo iliyofuatana na hewa huongeza eneo kidogo tu, lakini iliyoikata huisumbua hewa karibu kama vipingo vinavyofanya.

Hakuna haja ya kununua bamba la alumini au shaba. Katika kipasha-maji joto husafiri ndani ya bamba hadi kwenye bomba, na hapo aina ya chuma ina maana kubwa. Katika kipasha-hewa hewa inagusa bamba zima, joto linavuka unene wake tu, na bati la kawaida linatosha.

Tahadhari moja kwa wenye vifaa visivyo na feni. Msukumo unaotokana na wepesi wa hewa ya moto ni mdogo sana: hewa ya nyuzi 50 ndani na 25 nje inatoa chini ya paskali moja (kipimo cha mgandamizo) kwa kila mita ya kimo. Kwa kifaa hicho vipingo na njia nyembamba vitaizuia hewa na kuushusha ufanisi. Acha njia ya sentimita 10 au zaidi, na ongeza kimo cha bomba la kutolea hewa juu ya kabati, kwa kuwa kimo ndicho injini yako.

Hatua ya 4: Feni na wingi wa hewa

Kiwango kinachofaa kwa kazi nyingi za kukausha ni kati ya kilo 0.01 na 0.03 za hewa kwa sekunde kwa kila mita ya mraba ya kioo. Chini ya hapo bamba linachemka bure. Juu ya hapo faida hupungua huku gharama ya feni ikipaa, kwa sababu kuongeza mtiririko mara 2 kupitia njia ileile kunahitaji nguvu ya feni karibu mara 8.

Feni ndogo za volti 12, zikiwemo zile za kompyuta zenye upana wa sentimita 12, zinafaa kwa kifaa cha ukubwa huu, lakini mtiririko unaotajwa na mtengenezaji ni wa feni isiyo na kizuizi mbele yake. Ukiiweka kwenye njia yenye vipingo na trei zilizojaa, tegemea nusu yake au pungufu, na uweke mbili sambamba kama hesabu inadai. Ziweke upande wa kuingilia hewa, ambako ni baridi, zitadumu. Ningependa sana kila mkaushaji aziunganishe moja kwa moja na paneli yake bila betri, kwa maana jua likiwa kali feni huongeza kasi zenyewe, na wingu likipita hupunguza, na hivyo joto la hewa hubaki karibu palepale bila kifaa cha kulidhibiti.

Hatua ya 5: Kioo na rangi

Kioo cha dirisha cha milimita 4 kinapitisha asilimia 83 hadi 86 ya mwanga wa jua, na kinazuia mionzi ya joto ya bamba isitoke moja kwa moja. Dukani tazama ukingo wa kioo: kadiri ulivyo wa kijani iliyokolea ndivyo kilivyo na chuma kingi kinachomeza mwanga. Nailoni ya kawaida ina kasoro kubwa kuliko kupasuka kwake, nayo ni kwamba inaiachia mionzi ya joto ipite. Bapa ya polikaboneti, plastiki ngumu inayopitisha mwanga, ni mbadala mzuri mahali penye watoto na mawe.

Je, uongeze kioo cha pili? Kioo cha pili kinapunguza hasara ya juu kwa karibu nusu, lakini pia kinakata mwanga kwa asilimia 10 hadi 15. Kwa Moshi mjini, ambako hewa ya nje ni ya joto na hewa ya kukaushia haizidi nyuzi 55 au 60, sioni sababu ya kukinunua. Kwa Ngaramtoni na miteremko mingine ya juu ya Meru katika baridi ya Juni na Julai kinaweza kulipa, ila tu baada ya Hatua ya 3 kukamilika, kwa kuwa bamba likishapoozwa vizuri na hewa, kinachobaki cha kuokoa kwa kioo cha pili ni kidogo.

Rangi iwe nyeusi isiyong'aa, kama ile ya ubao wa shule, ambayo humeza kama asilimia 95 ya mwanga. Bati jipya lisuguliwe kwa msasa mwembamba na kuoshwa kwa sabuni kwanza, la sivyo rangi itabanduka kwa magamba. Baada ya kupaka, acha kifaa juani kwa siku kadhaa bila chakula, feni ikiwa imezimwa, hadi harufu iishe kabisa. Hewa hii inapita kwenye chakula cha watu, na jambo hili halina mjadala.

Hatua ya 6: Kihami joto

Maganda ya mpunga yanapatikana kwa urahisi kwenye mashine za kukoboa za Mabogini na Chekereni, na tabaka lake la sentimita 7 au 8 linafanya kazi ya sentimita 5 za pamba ya mwamba, kihami joto cha dukani. Yawe makavu, yafungiwe kabisa yasipate unyevu wala panya, kwa maana yakilowa huwa njia ya kupotezea joto. Maranda ya seremala yanafaa vilevile. Yale maboksi meupe mepesi yanayofungashia televisheni usiyaweke karibu na bamba: feni ikizimika mchana wa jua, bamba linaweza kupita nyuzi 100, na nyenzo hiyo hulainika na kusinyaa. Usisahau pande za sanduku na bomba la kupelekea hewa, ambalo mara nyingi huachwa uchi kwa mita nzima likipulizwa na upepo.

Hatua ya 7: Mwelekeo na usafi

Arusha na Moshi ziko karibu nyuzi 3.4 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la mchana liko kaskazini, nyuzi kama 27 kutoka utosini, na mwezi Desemba liko kusini, nyuzi 20. Kifaa kilicholazwa bapa mwezi Juni hupoteza asilimia 11 ya jua la adhuhuri. Kikiinamishwa nyuzi 15 kuelekea kaskazini hupoteza asilimia 2 tu. Kijengee miguu inayowezesha kugeuzwa, ukielekeze kaskazini kuanzia Aprili hadi Septemba na kusini kuanzia Novemba hadi Februari. Kati ya vipindi hivyo, jua linapopita utosini mwanzoni mwa Oktoba na katikati ya Machi, mwinamo mdogo wa nyuzi 10 unatosha kwa ajili ya kutiririsha mvua. Kioo kifutwe angalau kila wiki wakati wa kiangazi, na kila siku kwa walio kando ya barabara ya vumbi.

Hatua ya 8: Joto lifike kwenye trei

Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 70 ikipashwa hadi nyuzi 40 inabaki na unyevu wa asilimia 22 hivi, na tayari ina kiu kubwa ya maji. Kwa hiyo mboga za majani hazihitaji hewa ya nyuzi 70. Zinahitaji hewa nyingi ya nyuzi 40 na kitu, na huko ndiko kipasha-hewa kinakofanya kazi kwa ufanisi mkubwa. Bomba kati ya sanduku na kabati liwe fupi, lisiwe na kona kali, na trei ziachiane nafasi ili hewa isichague njia moja.

Chakula kinapokaribia kukauka, hewa inayotoka kabatini huwa bado kavu na ya moto, na sehemu yake inaweza kurudishwa kwenye mlango wa kuingilia. Ufanisi wa kipasha-hewa chenyewe utashuka kidogo, kwa kuwa sasa kinaanza na hewa yenye joto, lakini joto lililokuwa likitupwa litaendelea kukausha.

Kwa kahawa iliyomenywa na kuoshwa, mpaka ni mkali: punje zisizidi nyuzi 40. Kipimajoto cha trei ya chini kikipita hapo, usifunike sehemu ya kioo kwa gunia kama inavyozoeleka. Ongeza feni ya pili, upime tena kama katika Hatua ya 1, na joto lilelile likishagawanywa kwa hewa nyingi zaidi, trei za juu nazo zitaanza kukauka kwa wakati mmoja na za chini.